Shajara ya mswada wa Pangani: mkataba kwanza, kitabu baadae

14 Januari

Wametuma. Mswada niliupeleka toka Agosti, miezi mitano kimya, nlishakata tamaa kabisa, leo saa nne asubuhi nipo na darasa la sita simu inatetema mfukoni nikajua ni wale wa kikoba wanadai hisa, kumbe imeili. Nikatoka nje nikasimama chini ya mwembe nikaisoma mara tatu. Wanataka kuchapa. Chini kuna kiambatisho, mkataba, kurasa 7, na sentensi moja inasema nisaini kila ukurasa niurudishe ndani ya siku 10.

Mradi wenyewe ni riwaya fupi ya vijana, kurasa kama 140, mtoto wa mvuvi kule Pangani anaitafuta ngalawa ya babake iliyopotea. Mwaka mmoja na nusu nimeiandika, usiku na siku za likizo. Kuandika najua. Mkataba wa kitabu sijawahi hata kuushika, kwaiyo naandika hapa kila hatua nisije nikasahau nani alisema nini.

Nimeenda kuprinti steshenari, karatasi 7 kwa mia mbili mbili, 1,400. Kijana wa pale akaniuliza mwalimu, unanunua kiwanja?

15 Januari

Mkataba wote ni Kiingereza. Kitabu cha Kiswahili, mwandishi Mtanga, mchapishaji yupo Dar, wasomaji ni watoto wa Korogwe na Handeni, afu mkataba Kiingereza. Toka 2021 sheria imesema Kiswahili ndo lugha ya sheria na mahakama lakini naona kwenye mikataba ya vitabu habari haijafika. Kiingereza nakisoma, nimepita chuo, ila hiki ni kile cha sentensi moja mistari tisa.

Ningesaini. Nakiri kabisa, kalamu ilikua mkononi. Kilichonizuia ni mzee mmoja hapa mjini, mwandishi wa siku nyingi, nlimpigia tu kumpa habari njema. Shikamoo mzee, nimepata mchapishaji. Marahaba mwanangu, hongera, umewapa leseni ya kuchapa tu au umeuza? Nikanyamaza. Akanambia kitabu chake cha kwanza alikiuza jumla, akapewa hela mara moja akanunua baiskeli na mabati, kitabu kikachapwa na kurudiwa na kurudiwa, na mwaka juzi mjukuu wake alivyokitaka ilibidi aende dukani akinunue kama mtu mwingine yeyote. Hakua analalamika, alikua anacheka. Ndo ikaniuma zaidi.

17 Januari

Nimeamua kitu ambacho mke wangu anaona ni wazimu, nautafsiri mkataba wote kwa Kiswahili, kipengele kwa kipengele, kwenye daftari la kaunta. Sababu ni rahisi tu, kipengele ambacho siwezi kukisema kwa Kiswahili sijakielewa, na kitu ambacho sijakielewa sisaini.

Kipengele cha 2 kimenichukua saa nzima. Kuna neno "assigns". Kamusi ya kwanza ikanipa kupangia kazi. Nikaandika "mwandishi anampangia kazi mchapishaji", nikaona hapana, hapa mimi ndo nampa yeye kitu. Shemeji yangu ni wakili Moshi, nikamtumia picha ya ukurasa, akajibu kwa neno moja: anahamisha. Yani sentensi nzima ni hivi: mwandishi anahamisha kwa mchapishaji hakimiliki yote ya kazi, dunia nzima, kwa lugha zote na namna zote zilizopo na zitakazogunduliwa, kwa muda wote wa hakimiliki.

Muda wote wa hakimiliki kwa sheria yetu ya 1999 ni uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kufa. Shaaban Robert, wa kwetu hapahapa Tanga, alifariki 1962, miaka 50 yake ikaisha 2012. Mi nina 41. Mungu akinifikisha 75 ni miaka 34, jumlisha 50, ni 84. Miaka themanini na nne! Kwa mswada ambao bado hata jalada hauna.

Shemeji akaongeza kwamba hata ukihamisha haki za kiuchumi, za kimaadili zinabaki kwako, jina lako kukaa kwenye kazi yako na kupinga isiharibiwe. Hizo hazitembei. Na hakimiliki yenyewe inaanza pale unapoandika, haisubiri cheti, ila kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, inasaidia siku ya ubishi. Nimeweka kwenye orodha.

20 Januari

Hesabu. Hapa ndo nimekaa sana.

Mkataba unasema mrabaha, yani sehemu ya mwandishi kwenye mauzo, ni asilimia 10. Nikafurahi, maana watu wengi husema kumi ndo kawaida. Mke wangu anauza vitumbua, anawapa na vijana wawili watembeze, alikua anachekecha unga huku namsomea. Akauliza, kumi ya nini? Nikasema ya mapato halisi. Akaacha chekeche. "Baba Zai, mi nikimpa kijana vitumbua vya elfu ishirini akarudi akasema kodi ya baiskeli nimetoa, chai nimekunywa, vocha nimeweka, sa kilichobaki ndo halisi tugawane, ntamuelewa?"

Nikarudi kusoma maana ya mapato halisi kwao. Mapato halisi ni hela anayopokea mchapishaji baada ya kutoa punguzo la maduka, gharama za usambazaji, matangazo, ithibati na "gharama nyingine zinazofaa". Zinazofaa kwa nani? Haijasemwa.

Nikaweka mfano wa kitabu cha shilingi 8,000. Duka linakula asilimia 35, yani 2,800, mchapishaji anabaki na 5,200. Kumi ya bei ya dukani ni 800. Kumi ya 5,200 ni 520. Na wakitoa usafiri na matangazo na hizo nyingine, tuseme 1,200, inabaki 4,000, kumi yake 400. Halafu kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla hujalipwa, kwenye mrabaha ni asilimia 15, kwaiyo mkononi inakua 680 au 442 au 340. Kwa nakala 1,000 ni laki sita na themanini, au laki nne na arobaini na mbili, au laki tatu na arobaini. Asilimia ni ileile kumi! Nilikua nimejiandaa kwenda kugombana kumi iwe kumi na tano, kumbe ugomvi upo kwenye neno halisi.

Mke wangu kaangalia karatasi kasema mwambie shemeji hiyo bili yake anilipe mimi.

23 Januari

Siku 10 zinaisha kesho. Nimemwandikia imeili dada mhariri wao, kwa adabu, dada nimepokea kwa furaha sana, naomba wiki tatu nisome na kupata ushauri. Amejibu baada ya dakika ishirini: hamna shida Mwalimu, chukua muda. Yani siku 10 zilikua za kuandikwa tu.

2 Februari

Nimemaliza kutafsiri. Kurasa 7 za Kiingereza zimekua 11 za daftari. Vilivyonishtua, mbali na 2 na mapato halisi:

Cha 6, haki tanzu. Tafsiri, filamu, redio, sauti, kompyuta, zote wao, tunagawana nusu kwa nusu. Mchezo wa redio nusu yao kwa kazi gani? Radio ikipiga simu itanipigia mimi.

Cha 8, mauzo maalum. Wakiuza kwa punguzo linalozidi nusu ya bei, mrabaha unashuka mpaka asilimia 5. Mwanzo nikakiruka, nikaona hiki kidogo. Mzee ndo akanigutua, mwanangu kitabu cha watoto Tanzania kinauzwa wapi kwa wingi? Mashuleni, kwa oda kubwa. Na oda kubwa inaenda na punguzo kubwa. Kwaiyo kile kinachoitwa maalum ndo chenyewe, cha dukani ndo maalum.

Cha 11, mwandishi atamlipa mchapishaji gharama zote za madai yoyote kuhusu kazi hii. Madai yoyote. Mtu akiamka Pangani akasema yule mvuvi mlevi ni mimi, hata akishindwa kesi, bili ni yangu.

Cha 13, kazi mbili zinazofuata nizipeleke kwao kwanza kwa masharti haya haya. Hiki ni kama kuposwa wewe pamoja na wadogo zako.

Na kilichokosekana. Hakuna tarehe ya mwisho ya kuchapa, wanaweza kukaa nao droo mpaka nistaafu. Hakuna namna ya haki kurudi kitabu kikiisha sokoni. Ripoti ya mauzo ni "pale itakapobidi". Akili mnemba (AI) haijatajwa popote, nimeandika pembeni kwa penseli.

9 Februari

Nimeharibu. Jana usiku saa tano, nimechoka, nimetoka kusahihisha madaftari 90, nikamtumia dada mhariri ujumbe WhatsApp mrefu kama barua ya mahari, kwamba mkataba huu ni wa kinyonyaji na mwandishi wa Kitanzania tutaonewa mpaka lini na kadhalika. Tiki mbili za bluu. Basi.

15 Februari

Bado kimya. Sikuwatumia hata sentensi moja ya kubadilisha, nimetuma hasira tupu, sasa yeye ambae hata huo mkataba hakuuandika afanye nini nayo? Amebaki na hasira zangu mkononi hajui aziweke wapi.

Leo nimefanya kazi ya maana. Ile tafsiri nimeichapa kwenye Word, safu mbili, kushoto kipengele chao kwa Kiswahili kama kilivyo bila kuongeza chumvi, kulia sentensi ninayopendekeza, imekamilika, tayari kubandikwa. Hakuna neno unyonyaji. Imeambatana na samahani yangu kwa ujumbe wa usiku.

16 Februari

Amejibu asubuhi. "Mwalimu yaliyopita si ndwele. Hii sasa naweza kumpelekea Mkurugenzi." Na chini akaongeza, sijawahi kuusoma mkataba wetu kwa Kiswahili.

2 Machi

Nimeitwa Dar. Basi la saa kumi na mbili Kange, stendi ya Tanga, saa saba kasoro nipo Mbezi stendi ya Magufuli, daladala mbili. Ofisi ghorofa ya pili, chini duka la vigae. Koridoni maboksi mpaka dirishani.

Shikamoo mzee. Marahaba Mwalimu, karibu, maji au chai? Mkurugenzi ni mtu mpole kuliko nlivyomchora kichwani safari nzima. Kabla hatujakaa akanionyesha yale maboksi, kitabu kimoja alichapa nakala 2,000 miaka minne nyuma, 1,100 bado anakaa nazo. Akatoa ankara za shule, moja ina mwaka na nusu haijalipwa. Afu akatoa kwenye droo kitabu chake mwenyewe kilichotolewa kopi na kuchomwa pini, jalada jeusi na jeupe, alikinunua nje ya geti la shule. Karatasi inapanda bei, wa kopi anamla, duka linachelewesha. Nlikua nimekuja na hoja zangu zote za mnyonge, kwa dakika kama kumi nikaona mnyonge ni yeye.

Lakini maboksi yake si sababu ya mimi kumpa miaka 84. Hiyo sikuisema hivyo, nlisema mzee naelewa, tupitie tu kimoja kimoja.

Tukafika cha 11. Akavaa miwani akasoma kwa sauti safu ya kushoto: "Mwandishi atamlipa mchapishaji gharama zote za madai yoyote, yawe ya kweli au si ya kweli." Akasimama. Akarudia "au si ya kweli". Akamwita dada mhariri, hivi ndivyo tulivyoandika? Dada akasema ndivyo mzee, ukurasa wa 5. Mzee akacheka kidogo, ile ya aibu, akasema huu mkataba tuliurithi, sijui hata nani aliuleta. Akakata mwenyewe kwa kalamu. Sikuongeza neno.

Kwenye cha 2 ndo alikaza. Hakimiliki yote ndo kawaida yetu Mwalimu. Nikauliza mzee, mna mpango wa kuitoa kwa Kifaransa? Hapana. Mna mpango wa filamu? Kimya. Basi mnaniomba shamba lote na mtalima kona moja. Akasema je kona nyingine ikishika bei aje mtu mwingine avune? Hoja ya kweli pia. Tukavutana karibu saa nzima, chai ikapoa, tukaishia hapa: leseni, si kuhamisha, Kiswahili pekee, dunia nzima, karatasi na kielektroniki, miaka 8, na ikiisha wao ndo wa kwanza kuongea na mimi. Nlikua nataka 7 na Afrika Mashariki tu. Dunia nzima nimewapa maana Kiswahili cha Oman au Marekani sina namna ya kukifikia mwenyewe.

5 Machi

Naandika yaliyokubaliwa kabla hayajapoa, na nimemtumia dada mhariri orodha ileile kwa imeili, nimeandika "kama tulivyozungumza tarehe 2". Shemeji kaniambia mazungumzo ambayo hayajaandikwa ni hadithi tu.

Mrabaha ni asilimia 12 ya hela inayopokelewa kutoka dukani, punguzo la duka tu linatoka, hakuna gharama nyingine yoyote, nakala zikivuka 2,000 inakua 15. Kwenye mfano wangu wa 8,000 ni shilingi 624, kodi ikitoka 530. Mke wangu alitaka 680 lakini kakubali. Cheti cha kodi ya zuio nipewe kila malipo, hili hawakubisha kabisa.

Mauzo ya oda kubwa 8 badala ya 5. Nliomba 10, hapa sikushinda na sioni aibu, zile ankara nliziona.

Gharama za ithibati za TET (Taasisi ya Elimu) na za BAKITA (Baraza la Kiswahili) juu yao. Haki tanzu, redio na filamu zangu zote, tafsiri wakileta wao mnunuzi 70 kwangu 30 kwao. Kitabu cha kielektroniki 25 ya wanachopokea. Akili mnemba mpaka niandike ruhusa. Ripoti 30 Juni na 31 Desemba, hela ndani ya siku 90, na naweza kumleta mtu akague hesabu mara moja kwa mwaka. Kazi inayofuata ni moja si mbili, ya vijana tu, siku 60 za kujibu, na masharti tunajadili upya.

Nakala zikibaki chini ya 50 na wasipochapa ndani ya miezi 6 toka niwaandikie, haki zinarudi.

Advansi, hela ya kutangulia, niliomba laki tano, imekua mbili, nusu siku ya kusaini nusu mswada ukikubaliwa. Kwa advansi sikupigana. Pengine ningepigana kidogo.

28 Machi

Rasimu mpya imekuja, na imekuja kwa Kiswahili! Dada anasema Mkurugenzi kaamua waandishi wote wanaofuata wapewe hii. Kwaiyo nimewafanyia tafsiri ya bure, sawa tu.

Nimeisoma na penseli. Kila kitu kipo, ila kimoja kina mtego. Nliomba waandike watachapa ndani ya miezi 18, wameandika, lakini "kuanzia mswada utakapokubaliwa na mchapishaji kuwa wa kuridhisha". Kukubaliwa lini? Wa kuridhisha kwa kipimo gani? Ni lile neno halisi limerudi limevaa kanzu nyingine. Nimependekeza: mchapishaji atajibu kwa maandishi ndani ya siku 60 toka apokee mswada, asipojibu umekubaliwa. Wamekubali siku 90.

11 Aprili

Nimesaini. Mbele ya wakili hapa mjini, nakala mbili, kila ukurasa, mhuri, elfu ishirini. Mke wangu kasaini kama shahidi, kauliza kalamu yao ni ya bluu kwa nini. Jioni M-Pesa imelia, 85,000. Laki moja toa kumi na tano. Nilijua itakatwa, bado niliiangalia mara mbili.

Nakala yangu nimeitia kwenye faili la plastiki pamoja na cheti cha ndoa na risiti za mabati. Fomu ya COSOTA nayo nimeijaza hatimae.

6 Mei

Nimeona kosa langu, la mwenyewe kabisa. Nakala za mwandishi, nimepata 15 za bure na punguzo la asilimia 40 nikinunua zaidi. Safi. Ila hakuna mahali nimeandika kama nakala ninazonunua mwenyewe zinahesabiwa kwenye mrabaha. Mi nataka kuzibeba kwenye mahafali na kwenye shule za wilaya, zinaweza kua mia mbili mia tatu. Nimemuuliza dada, kasema kwa kawaida hazihesabiwi. Kwa kawaida. Nimeomba tuongeze nyongeza ya ukurasa mmoja, kasema atauliza.

3 Juni

Nyongeza bado. Ila mswada umerudi na maoni ya mhariri, kurasa 4, mengi ya haki, sura ya 5 kweli imelala. Moja tumekwama. Anataka babu asife. Anasema kwa vijana ni huzuni sana mwishoni, na shuleni walimu watalalamika, apone tu aone ngalawa imerudi.

Babu akipona hakuna hadithi. Mtoto anaingia baharini peke yake kwa sababu babu hayupo.

Ule mkataba wa mwanzo ulisema mchapishaji anaweza kufanya mabadiliko yoyote anayoona yanafaa. Wa sasa, kifungu cha 9, mabadiliko ya maudhui ni kwa idhini ya mwandishi kwa maandishi, nina siku 14 za kujibu. Nimemwambia dada nimepokea, nafikiria. Hajanisukuma, na yeye kifungu anakijua, alikichapa mwenyewe.

Leo siku ya tatu. Nimeisoma tena sura ya 11, babu bado anakohoa.